Jina la Kishungi Halikuwepo

Niliwaambia. Hilo ndilo neno la kwanza lililonitoka mdomoni siku niliposoma kwenye simu kwamba Kishungi amefariki. Sikusema maskini, sikusema Mungu amlaze mahali pema. Niliweka ungo wa mchele chini, nikapiga goti langu kofi, nikasema peke yangu jikoni: niliwaambia!

Kishungi halikuwa jina lake. Jina lake lilikuwa la ng'ambo, refu, na sisi watoto wa Ifakara hatukuweza kulitamka, tukampa jina la zile nywele zilizosimama katikati ya kichwa chake kama kishungi cha ndege. Alikuwa nyota wa muziki wa pop enzi za redio kaseti. Chini kabisa ya habari ya kifo chake palikuwa na aya ambayo nadhani wengi waliipita. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza michezo ya video alisema kwamba muziki wa gemu fulani ya zamani aliutunga Kishungi. Mkataba wake na kampuni ya muziki ulimkataza kuweka jina lake kwingine, kwa hiyo jina halikuwekwa. Watu walibishana miaka na miaka, na yule mzee aliyejua ukweli alikaa kimya.

Mimi sikukaa kimya. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, miguu imejaa vumbi, na nilisema mbele ya watu walionicheka.

Nikampigia simu Mama mdogo Otilia, ambaye sasa anaishi Idete na kusikia kwake kumepungua.

"Shikamoo, Mama mdogo. Kishungi amekufa."

"Marahaba. Yule wa nywele?"

"Yule yule. Na wamekubali kwamba gemu ilikuwa yake."

Nikasikia kuku, nikasikia mtu anatwanga. Kisha akasema, "Wamechelewa," akacheka kile kicheko chake cha puani, na mimi nikakaa kwenye kigoda nikaanza kukumbuka yote.

Wazazi wangu walikuwa Kidatu, baba akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na mimi nililetwa Ifakara kukaa na mdogo wake mama ili nisome. Mama mdogo Otilia alikuwa na saluni ndogo karibu na soko. Chanuo la chuma lilipashwa moto kwenye jiko la mkaa, na likipita kwenye nywele zilizopakwa mafuta kulitoka moshi wenye harufu ambayo hadi leo nikiinusa mahali nageuka kumtafuta. Ukutani palikuwa na picha ya Kishungi iliyokatwa kwenye gazeti. Juu ya rafu palikuwa na redio, na kaseti ya Kishungi iliimba tangu asubuhi hadi wateja walipoisha, maana zilikuwa kaseti mbili tu, ile na ya kwaya fulani ya mjini, na ya kwaya utepe wake ulikuwa unajikunja.

Upande wa pili wa ukuta wa mabanzi palikuwa na banda la gemu la Mzee Seifu. Wenzangu mliokulia enzi zile mnalijua banda lile hata kama lenu lilikuwa mji mwingine: televisheni iliyopata moto hadi vumbi lake likanuka, benchi, jasho la wavulana, na kelele zao mtu akifa kwenye gemu. Wasichana hawakuingia. Hakuna aliyetukataza kwa maandishi. Wavulana walisema tu kwamba msichana akisimama nyuma ya mchezaji huleta mkosi, na hilo likatosha.

Lakini ukuta wa mabanzi haujui msichana wala mvulana. Nilikaa upande wetu nikichambua nywele za bandia, sikio la kulia likimsikia Kishungi, la kushoto likisikia gemu. Ilikuwa gemu ya mtu mwenye kofia ya chuma anayekimbia mapangoni, na muziki wake ulikuwa sauti nyembamba, kama mbu waliofundishwa kuimba. Siku moja nilisimamisha mikono. Mbu wale walikuwa wanafanya kitu ambacho Kishungi hufanya. Walishuka, wakashuka tena, halafu pale ambapo sikio linasubiri nota inayofuata, wakavuta pumzi. Wakaacha pengo. Kisha wakaanguka kwenye nota kwa kishindo, wamechelewa kwa makusudi. Mwimbaji mwingine yeyote niliyemsikia redioni alifika kwenye nota yake kwa wakati. Kishungi alikufanya umsubiri.

Sasa, sikilizeni akili ya mtoto. Ile ya redio tuliita kaseti. Ile ya gemu, lile dude la plastiki walilolichomeka na kulipuliza vumbi, nalo tuliliita kaseti. Kwangu mimi vilikuwa vitu vya aina moja, na aliyeimba ndani ya kaseti alikuwa yumo ndani ya kaseti. Na wavulana walikuwa wakisimulia kwamba mwisho wa mapango yale kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna mtu amefungiwa. Nikajumlisha. Waliomfungia walikuwa wamemnyang'anya maneno, wamemwachia sauti ya mbu tu, naye alikuwa anatuma ujumbe kwa kuvuta pumzi.

Nikavuka nikaingia bandani.

"Shikamoo, Mzee Seifu."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Hapana. Nataka kusema kwamba anayeimba humo ni Kishungi."

Benchi zima likageuka. Fide, mvulana mkubwa ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa gemu ile, aliweka kidhibiti chini ili acheke vizuri. "Gemu haina mwimbaji, wewe. Hiyo ni betri tu inalia."

"Betri haivuti pumzi."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Toka siku hiyo nikaitwa Betri. Nikipita sokoni, Betri. Nikienda bombani, Betri, umechaji? Na kila nilipoitwa nilijibu, "Ni Kishungi," hadi ikawa kama salamu.

Mzee Seifu, ambaye alikuwa mtu wa pwani, mpole, na alipenda ubishi wenye adabu, ndiye aliyesema nipewe nafasi. Fide alikuwa amekaribia kumaliza gemu. Mzee alisema mwisho kabisa hupita majina ya waliotengeneza. "Kama Kishungi yumo, jina lake litapita. Njoo na ushahidi wako."

Nikaja na karatasi ya kaseti, yenye jina lake limeandikwa kwa herufi nyekundu. Jumamosi hiyo banda lilijaa hadi mlangoni. Fide alivuka pango la mwisho, mlango ukafunguka, na nyuma yake alitoka binti mfalme wa kuchorwa, nywele zimelala, asiye Kishungi hata kidogo. Kisha majina yakaanza kupanda. Nilisimama pua ikikaribia kugusa kioo, karatasi mkononi, nikilinganisha herufi moja moja. Majina yakapanda, yakapanda, yakaisha. Halikuwepo.

"Liko wapi?" Fide akauliza. Hakuwa na ubaya hata, alikuwa amechoka na kufurahi. "Betri, liko wapi?"

"Wamelificha," nikasema.

Kelele zilizofuata zilinifukuza hadi saluni. Mama mdogo alikuwa anamsuka mteja. Nilimwambia yote kwa kwikwi, nikitegemea aniambie ninyamaze, kwamba ni mambo ya gemu. Hakusema hivyo. Alizima redio, akaenda ukutani, akaweka sikio kwenye mabanzi. Mteja alibaki na kichwa nusu, akitazama. Fide alikuwa ameanza gemu upya na mbu wakaimba.

Mama mdogo alisikiliza muda mrefu. "Ni yeye," akasema. "Mtu ana mwendo wake. Hata avae viatu vya mwenzake, utamjua akija."

"Sasa mbona jina halipo?"

Akarudi kwa mteja wake, akashika msuko pale alipouacha. "Jina kutokuwepo si sawa na mtu kutokuwepo, Skola."

Sikujua kwamba hapo alikuwa ameacha kumzungumzia Kishungi.

Lazima niwaeleze kuhusu nyimbo za Mama mdogo. Mama mdogo alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kigango chetu, na familia ilikuwa na shamba la mpunga Idete. Msimu wa kuamia ndege, likizo, tulikaa mimi na yeye juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti, tukirusha mawe na kupiga debe kufukuza ndege. Huko ndiko alikotunga. Alianza na mguno, akarusha jiwe, akaongeza neno, akapiga debe, akalifuta neno. Mwaka ambao mto Kilombero ulipanda ukalaza mpunga wote kwenye tope, alikaa juu ya dungu akitazama maji pale lilipokuwa shamba, na akatunga wimbo mbele ya macho yangu: Maji yamepanda, Bwana, yamefika mlangoni, lakini moyoni hayajafika. Kabla ya neno "hayajafika" aliacha pengo, akavuta pumzi, hadi nikadhani amesahau. Alikuwa hajasahau. Alikuwa anakufanya umsubiri.

Wimbo ule ulipendwa. Kwaya iliimba kila Jumapili, ukaombwa misibani na harusini, bila mtu kutaja aliyeutunga. Mwalimu wa kwaya, Mwalimu Gaspari, aliupanga sauti nne, na nisimpunje haki yake, aliupanga vizuri, besi zake zilikuwa kama maji yenyewe yanavyopanda. Kisha kwaya ilisafiri kwenda mjini kurekodi, na baada ya muda kaseti zikaja kwenye boksi.

Nilikuwa najivunia kusoma kwa sauti kila kitu, hata maandishi ya mfuko wa saruji. Nikaisoma karatasi ya kaseti pale saluni. Jina la kwaya. Majina ya nyimbo. Na chini: nyimbo zote zimetungwa na Mwalimu Gaspari.

"Mama mdogo, hawajaandika jina lako."

"Nimeona."

"Wamelificha kama la Kishungi?"

Alikuwa anapuliza mkaa. Aliinua uso, macho yamejaa moshi. "Kishungi labda alikubali," akasema. "Mimi sikuulizwa."

Ningekuwa mtu mzima ningejua uzito wa maneno yale. Mimi nilikuwa na hofu yangu nyingine. Siku ya pili yake nilikuwa natoka shule, nikapita dukani, na redio ya duka ilikuwa inapiga kaseti ile. Sauti ya Mama mdogo ikatoka kwenye redio, ile pumzi, lile pengo. Nikakimbia saluni. Mlango ulikuwa umefungwa. Mchana kweupe, siku ya kazi, umefungwa kwa kufuli! Nilijua kilichotokea. Jina lilifichwa, na sasa na mwenyewe amechukuliwa, yumo mle ndani. Nililia nikikimbia, nikiuliza kila mtu, hadi mwanamke muuza mchicha akanionyesha: Otilia amekwenda kwa Mwalimu Gaspari.

Nilimkuta hai, amesimama uani kwa Mwalimu, hajakubali kiti. Nilimkumbatia kiuno nisiachie. Hakuniuliza kitu, aliweka tu mkono kichwani kwangu akaendelea.

"Mwalimu, nasubiri unijibu."

Mwalimu Gaspari alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi, mwenye sauti ya upole ambayo haikuzoea kubishiwa. "Otilia, nyimbo ni za Mungu. Sisi ni vyombo. Jina la nini?"

"Kama jina si kitu, basi toa lako."

Akakohoa. Mkewe alikuwa anaanika mpunga kwenye jamvi, akaacha mkono hewani. "Nani aliyeandika nota?" Mwalimu akauliza. "Wewe huandiki nota. Ulileta sauti moja, mimi nikaupanga nne. Bila mimi ungebaki huko dunguni unafukuza nao ndege."

"Ulipanga, na nakushukuru. Mimi nilitunga. Andika hivyo hivyo. Sijasema uandike zaidi."

"Kaseti zimeshatoka, dada. Jumapili ni uzinduzi, mgeni rasmi anakuja. Ukileta maneno sasa utaaibisha kanisa."

"Sitaleta maneno mengi," Mama mdogo akasema. Akanishika mkono tukaondoka.

Njiani nilimwuliza kama wanaweza kumtia kwenye kaseti. Alisimama barabarani, akachuchumaa, akanitazama sawasawa. "Nani anitie? Mimi ni mkubwa kuliko kaseti." Hakucheka, na mimi sikucheka, na hofu ile ikaniisha moja kwa moja.

Jumapili ya uzinduzi walifunga turubai nje ya kanisa. Palikuwa na mgeni rasmi mwenye miwani, wazee wa kanisa kwenye viti vya mbele, kwaya kwa sare mpya. Mzee Seifu naye alikuja, Mwislamu kwenye shughuli ya kanisa, amevaa kofia yake safi, kwa sababu majirani huja. Fide na wenzake walisimama pembeni. Kwaya iliimba nyimbo za mwanzo, watu wakatunza, kisha ukafika wimbo wenyewe. Mwalimu Gaspari akainua mikono. Mama mdogo ndiye aliyetakiwa kuanza peke yake.

Hakuanza.

Mikono ya Mwalimu ilibaki juu. Akampa ishara tena. Mama mdogo akapiga hatua mbele ya mstari, akasimama kwenye jua, nje ya kivuli cha turubai.

"Kabla ya kuimba," akasema, "naitwa Otilia. Wimbo huu nimeutunga mimi, juu ya dungu, Idete, mwaka maji yalipochukua mpunga wetu. Mwalimu Gaspari ameupanga sauti, na ameupanga vizuri, namshukuru. Sasa tuimbe."

Basi. Hakuna tusi, hakuna chozi. Kabla mzee yeyote hajapata la kusema alikuwa ameshaanza kuimba, na wimbo ukishaanza mbele ya mgeni rasmi nani ataukatiza? Alifika kwenye lile pengo, akavuta pumzi, akatusubirisha wote kwenye jua lile hadi nikasikia turubai linavyopepea. Kisha akaangusha "hayajafika." Mbele kabisa bibi mmoja alipiga kigelegele, na nyuma nilimsikia Fide akisema polepole, "Ala! Ni ile ile ya gemu. Inavuta pumzi."

Ningependa kuwaambia kwamba alishinda hapo hapo. Hakushinda. Kamati ya kanisa ilimwita, ikamwambia aache kuimba na kwaya kwanza, ajirekebishe. Kaseti zilizofuata zilitoka na karatasi ile ile. Baadhi ya wake za wazee wakahama saluni. Kuna waliosema kwamba anataka sifa, na mmoja alimwambia uso kwa uso, "Mwanamke mzima kugombania wimbo!" Mama mdogo akamjibu, "Wimbo huo ungekuwa mbuzi wangu, ungesema nimwache?" Hakuomba radhi. Kila Jumapili alivaa gauni lake la kawaida, akakaa benchi la kwanza, na wimbo wake ulipoimbwa na mwingine alikaa amefunga mdomo, mikono mapajani, anatazama mbele. Nilikaa pembeni yake nikafunga mdomo vile vile, na nilijisikia nimevaa sare.

Ilipita misimu. Kisha mama yake Mwalimu Gaspari akafariki, bibi aliyependwa sana, na watu wakajaa nyumbani kwake mpaka barabarani. Mama mdogo alifunga saluni, tukaenda, kwa sababu msiba hauna ugomvi. Tulikuwa tumekaa chini na wanawake, mchana, jeneza limeshatolewa ukumbini, kwaya imesimama upande wa migomba. Nilimwona Mwalimu akiongea na waimbaji wa sauti ya kwanza, nao wakitazama chini. Akawaongelesha tena. Mmoja akatikisa kichwa, akaelekeza kidevu kwenye mkeka wetu.

Mwalimu Gaspari akavuka ua wote, katikati ya watu, akaja hadi kwenye mkeka wetu. Macho yake yalikuwa mekundu. Shati halikuwa limepigwa pasi.

"Pole, Mwalimu," Mama mdogo akasema. "Pole sana kwa mama."

"Nimeshapoa. Otilia, mama aliomba wimbo kabla hajafa. Nakuomba uanze."

"Wimbo upi?"

"Ule wa maji."

"Wa nani?"

Nilimvuta Mama mdogo nguo, nikaona ni ukatili, mtu amefiwa. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama Mwalimu bila hasira, kama anavyomtazama mteja anayekaa kwenye kiti, akisubiri atulie.

"Wako," Mwalimu Gaspari akasema.

"Waambie na wale."

Akageuka. Nilimwona akivuta pumzi, yule mtu aliyewafundisha wanakwaya wote kuvuta pumzi, na mbele ya jeneza la mama yake, mbele ya kamati iliyokaa chini ya turubai, akasema kwa sauti iliyopasuka katikati, "Jamani, tutaimba wimbo wa Otilia. Alioutunga Otilia."

Mama mdogo akanyanyuka, akafunga kanga vizuri kiunoni. Hakwenda kusimama na kwaya. Aliimba pale pale alipokuwa, katikati ya wanawake, na kwaya ikalazimika kuja ilipo sauti.